Kuondoa pawa stelingi kwenye gari jepesi la kujiundia: mwongozo kamili wa hatua kwa hatua

Wengi wanaoondoa pawa stelingi kwenye magari mepesi waliyojiundia huishia kulalamika kwamba usukani umekuwa mzito kupita kiasi, na karibu kila mara kosa ni lile lile: wameondoa pampu, wakaiacha reki, yaani ile mashine yenye fimbo ya meno inayogeuza mzunguko wa usukani kuwa mwendo wa kulia na kushoto wa tairi, kama ilivyotoka kiwandani. Reki ya pawa iliyokatiwa oili bado ni reki ya pawa, na itampinga dereva kila anapogeuza. Mwongozo huu unahusu kazi yote, hasa ile sehemu ya ndani ya reki ambayo watu huiruka.

Ninazungumzia mfumo unaotumia oili na pampu inayozungushwa na injini. Kama gari lako lina pawa ya umeme iliyofungwa kwenye nguzo ya usukani, usidhani kuchomoa fyuzi kunatosha, kwa kuwa mota na gia yake hubaki zikizungushwa kwa mikono yako. Hapo dawa ni kubadilisha nguzo nzima.

Kwa nini kuvua mkanda wa pampu hakutoshi

Ndani ya reki kuna pistoni iliyofungwa kwenye fimbo yenye meno, nayo ina ringi inayogawa silinda katika vyumba viwili. Unapogeuza usukani, chumba kimoja kinapungua na kingine kinaongezeka. Oili au hewa iliyomo lazima ihame, na isipokuwa na njia pana ya kupita, inakuwa breki.

Tatizo la pili liko juu ya pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na usukani na kuisukuma fimbo yenye meno. Vali inayoelekeza oili hufunguliwa na fimbo nyembamba ya msokoto, ambayo hujipinda kidogo kabla ya pinioni kugeuka. Pawa ikiwepo, huhisi kitu. Pawa ikiondoka, usukani unakuwa na sehemu laini katikati, kana kwamba umefungwa kwa mpira. Gari bado litageuka, kwa sababu fimbo hiyo ina vizuizi vya chuma inavyogonga baada ya kujipinda, lakini gari jepesi lenye usukani wa namna hiyo limepoteza sifa iliyokufanya uliunde.

Je, gari lako linafaa?

Piga hesabu ya uzito ulio juu ya tairi za mbele. Gari la kilo 600 lenye asilimia 48 ya uzito mbele linabeba kilo 288 kwenye ekseli ya mbele, na mzigo huo mtu wa kawaida anaugeuza bila shida gari likiwa katika mwendo. Injini nzito iliyokaa mbele sana, tairi pana na usukani mdogo vikikutana, hesabu inabadilika haraka.

Kipenyo cha usukani kina athari kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukitoka usukani wa milimita 370 kwenda wa milimita 320, mikono yako italazimika kutoa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 16 kwa kazi ile ile. Vivyo hivyo, reki yenye uwiano wa 18 kwa 1, yaani usukani unazunguka digrii 18 ili tairi zigeuke digrii 1, inapunguza nguvu hiyo kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na reki ya 15 kwa 1, ila utazungusha usukani mara nyingi zaidi kwenye kona kali.

Kabla ya kugusa bolti yoyote, soma kanuni za usajili na ukaguzi wa magari unakoishi, pamoja na masharti ya bima yako. Mabadiliko ya usukani ni miongoni mwa yale ambayo mkaguzi huyaangalia kwa makini.

Reki isiyo na pawa: njia fupi

Kama kuna reki isiyo na pawa inayolingana na gari lako, inunue. Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza iliuzwa na reki za aina zote mbili, na reki ya Ford Escort Mk2 imetumika kwenye magari mengi ya kujiundia kwa sababu tangu kiwandani haina pawa. Ukienda njia hii, ruka hatua ya 5 hadi ya 7.

Mambo mawili lazima yahakikishwe. Kwanza, umbali kati ya bolijointi za ndani za reki mpya (vile viungo vya duara vilivyo kwenye ncha za fimbo yake) ulingane na wa reki ya zamani, na reki ikae kwenye kimo kile kile. La sivyo tairi zitajigeuza zenyewe kila gari linapopita kwenye tuta. Pili, usihamishe reki kutoka nyuma ya ekseli kwenda mbele bila kufikiria mwelekeo wake, kwa sababu unaweza kugeuza usukani kulia na tairi zikaenda kushoto. Limewahi kutokea kwa watu makini, na wakaligundua siku ya kuliondoa gari kwenye stendi.

Vifaa vya kuandaa

Jeki na stendi nne imara, spana za kawaida na za paipu, spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, jiriwa yenye taya za aluminiamu au mbao, plaizi ya ringi za kufungia, kisu kikali, mizani ya kuning'iniza, kalamu ya rangi, beseni la oili, vitambaa visivyoacha nyuzi, grisi ya lithiamu, sili ya juu ya pinioni na mipira mipya ya kuzuia vumbi pamoja na klipu zake, bolijointi za ndani mpya kama za zamani hufungwa kwa kugongwa, kipande cha hosi, na mkanda mpya ambao urefu wake utaujua baadaye.

Ongeza kitabu cha ufundi cha gari lililotoa reki hiyo. Vipimo vya kukaza hutofautiana kati ya reki na reki, kwa hiyo hapa sitakupa namba ya kukaza hata moja.

Hatua ya 1: Pima hali ya sasa

Gari likiwa limesimama juu ya sakafu, funga mizani kwenye ukingo wa usukani, vuta polepole na uandike usomaji, kwanza injini ikiwa inawaka, kisha ikiwa imezimwa. Hesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Weka alama kwenye usukani, nguzo na pinioni ukiwa umenyoosha tairi.

Bila namba hizi utabaki na hisia tu, na hisia za mtu aliyetoka kufanya kazi kwa siku tatu haziaminiki.

Hatua ya 2: Toa oili

Inua mbele ya gari na uliweke juu ya stendi. Chomoa hosi ya kurudishia oili kwenye tanki la pampu, ielekeze kwenye beseni, kisha geuza usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kadhaa injini ikiwa imezimwa. Oili inayobaki itatoka utakapofungua reki. Usiimwage ardhini, ipeleke mahali panapopokea oili chafu.

Kama gari lina mfuko wa hewa kwenye usukani, tenganisha betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu kabla ya kuendelea. Funga usukani usizunguke kuanzia sasa. Waya wa mfuko huo umekunjwa kwa idadi maalumu ya mizunguko, na usukani uliotenganishwa na reki ukizungushwa ovyo, waya unakatika.

Hatua ya 3: Ondoa pampu na upange mkanda upya

Vua mkanda, kisha pampu na kishikio chake. Angalia kila bolti unayoitoa: kishikio cha pampu wakati mwingine ndicho kinachoshika pia altaneta, na baadhi ya matundu ya bolti huingia hadi kwenye njia ya maji au oili ya injini. Tundu la namna hiyo lizibwe kwa bolti fupi yenye washa ya kuziba.

Pampu ikiwa na mkanda wake peke yake, kazi imekwisha hapa. Mkanda ukiwa mmoja unaozungusha vitu vyote, pitisha kamba kwenye puli zilizobaki kwa njia unayoikusudia, kibana mkanda kikiwa katikati ya mwendo wake, na upime kamba hiyo ili kupata urefu wa mkanda mpya. Fuata kila puli kwa kidole na uhakikishe inazunguka upande ule ule kama mwanzo. Pampu ya maji inayozungushwa kinyume itachemsha injini ilhali kila kitu kinaonekana kizima. Hakikisha pia kwamba mkanda unaikumbatia puli ya altaneta na ya pampu ya maji kwa eneo la kutosha. Ukiwa unagusa kidogo tu, ongeza puli ya kuelekeza.

Pampu nyingi zina swichi ya presha inayoiambia injini iongeze mzunguko wake gari likiwa limesimama. Chomoa soketi yake na uizibe ili maji yasiingie.

Hatua ya 4: Toa reki

Legeza nati za tairodi (fimbo zinazounganisha reki na tairi), hesabu mizunguko ya nyuzi unapozifungua na uandike kila upande. Fungua jointi ya krosi inayounganisha nguzo na pinioni, kisha bolti za kushikilia reki. Ziba mabomba mara unapoyafungua, kwa sababu uchafu utakaoingia sasa utausaga baadaye.

Hatua ya 5: Fungua reki na uondoe vinavyokwama

Hii ndiyo kazi yenyewe, na ni vizuri uitengee siku nzima juu ya meza safi.

Vua mipira ya vumbi. Unapofungua bolijointi za ndani, shika fimbo yenye meno kwenye jiriwa yenye taya laini, karibu na upande unaoufungua. Ukishika nyumba ya reki badala ya fimbo, nguvu yote ya spana itapita kwenye meno ya pinioni, na jino lililopata ufa hutalisikia mpaka siku limevunjika.

Fungua kofia na nati ya kibano cha reki, yaani kile kipande kinachosukumwa na springi nyuma ya fimbo. Weka alama ya ilipokuwa nati. Toa kofia ya chini ya pinioni na nati iliyo ndani yake, kisha bolti za nyumba ya vali, na uivute pinioni juu bila kuipinda. Mwisho toa kizuizi cha upande wa pili wa silinda, ambacho huwa kimeshikwa kwa ringi au waya, na uichomoe fimbo polepole.

Sasa angalia vitu vinne:

Ringi ya pistoni. Ikate kwa kisu pamoja na oringi iliyo chini yake. Kata kwa kuelekeza kisu nje, usikwaruze fimbo. Pistoni yenyewe iache. Wako wanaoisaga kwa grainda, lakini bila ringi haigusi silinda, na kuipasha moto fimbo ya usukani kwa faida isiyoonekana ni hatari isiyo na sababu.

Sili ya ndani, upande wa pinioni. Itoe. Kazi yake ilikuwa kuzuia oili, na oili haipo tena.

Sili ya upande wa mbali. Itoe pia, ila bushi iliyo karibu nayo lazima irudi. Bushi ndiyo inayobeba fimbo. Ukiitupa pamoja na sili, fimbo itaning'inia na usukani utagonga kwenye kila shimo.

Ringi za vali. Juu ya silinda ya vali kuna ringi nyembamba, kwa kawaida nne, zinazosugua nyumba yake. Zikate zote. Sili ya juu kabisa, pale shafti inapotoka nje, weka mpya, maana ndiyo inayozuia maji na vumbi.

Mafanikio ya hatua hii unayapima kwa mkono. Rudisha fimbo peke yake ndani ya nyumba na uisukume: inapaswa kuteleza kwa vidole viwili kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kukaza mahali na bila kurudi nyuma. Reki yangu ya kwanza niliiacha na ringi ya pistoni, nikaziba matundu yote ya mabomba kwa bolti nikidhani nazuia uchafu. Nilipoisukuma fimbo na kuiachia, ilirudi yenyewe karibu sentimita mbili. Hewa iliyobanwa mle ndani ilikuwa imegeuka springi, na ndiyo iliyokuwa ikinyang'anya usukani mikononi mwangu kila kona.

Hatua ya 6: Funga fimbo ya msokoto

Shika pinioni kwenye jiriwa yenye taya laini na ujaribu kuzungusha shafti ya juu kwa mkono au kwa jointi ya krosi. Utaiona ikicheza digrii chache kila upande kabla ya kugonga chuma. Uchezaji huo ndio unaotakiwa kuondoka.

Njia inayodumu ni kuchomelea shafti ya juu na pinioni pale zinapokutana, kwenye vile vizuizi vyenyewe. Kwenye reki nyingi utalazimika kuondoa silinda ya vali ili kupafikia. Mambo ya kuzingatia ni haya.

Usiishike shafti kwa namna inayoisokota. Ikiachwa huru, fimbo ya msokoto hujirudisha katikati yenyewe, na hapo ndipo inapotakiwa kufungwa.

Kazi hii mpe fundi mchomeleaji aliyezoea vyuma vigumu, na umwambie wazi kwamba ni sehemu ya usukani. Chuma cha pinioni kimeimarishwa kwa moto. Kikichomelewa na kisha kumwagiwa maji, kinakuwa kigumu kama kioo na kinapata nyufa. Achomelee alama ndogo ndogo kwenye pande zinazoelekeana, moja baada ya nyingine, na chuma kipoe polepole kwenye hewa.

Chomelea lisifike mahali beringi inapokaa, na lisiguse meno.

Kisha kagua: shika pinioni tena, zungusha juu kwa nguvu, na usione mwendo wowote. Izungushe shafti kwenye beringi zake uone kama imenyooka. Angalia chomelea kwa kioo cha kukuzia. Ukiona mstari mwembamba kama unywele, usiitumie pinioni hiyo hata kidogo.

Kama hupati fundi unayemwamini, acha fimbo ya msokoto kama ilivyo. Utavumilia ule ulaini wa katikati, lakini utakuwa salama. Chomelea mbaya kwenye usukani ni kosa ambalo halikupi nafasi ya pili.

Hatua ya 7: Grisi na kuunganisha

Oili ya pawa ndiyo iliyokuwa ikilainisha beringi ya juu na silinda, kwa hiyo sasa grisi ifanye kazi hiyo. Paka meno yote, beringi, bushi na uso wa kibano. Usijaze silinda nzima, kwa kuwa grisi nyingi mbele ya pistoni nayo inasukumwa na itakuongezea uzito.

Rudisha fimbo, kisha pinioni, ukihakikisha reki ikiwa katikati alama zako za mwanzo zinakutana. Rekebisha kibano kufuata kitabu. Kikikazwa mno, usukani hautarudi wenyewe baada ya kona. Kikilegea, utasikia mgongano kwenye barabara mbovu. Zungusha pinioni mwendo wote: uzito uwe sawa, ukiongezeka kidogo tu katikati ambako meno yanabana zaidi.

Funga bolijointi za ndani mpya kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu na uzikunje washa zake.

Hatua ya 8: Rudisha reki garini

Yale matundu mawili ya silinda yaunganishe kwa hosi fupi ili hewa ihame kwa uhuru kutoka chumba hadi chumba. Matundu ya kuingizia na kurudishia oili kwenye nyumba ya vali ndiyo ya kuzibwa.

Jointi ya krosi iingie mpaka bolti yake ipite kwenye mfereji wa shafti. Bolti iliyopita pembeni ya mfereji itaonekana imekaza, lakini jointi inaweza kuteleza na kutoka. Iangalie kwa macho, kisha mwombe mtu mwingine aiangalie.

Hatua ya 9: Pembe za tairi

Rudisha tairodi kwa hesabu yako ya nyuzi, kisha upime upya umbali kati ya tairi, mbele na nyuma ya ekseli. Kwa gari jepesi anza na tairi zilizoelekea ndani kwa milimita 1 hadi 2 kwa jumla.

Usukani ukibaki mzito baada ya yote haya, tazama kasta, yaani ule mlalo wa mhimili wa kugeuzia tairi kuelekea nyuma. Magari yenye pawa mara nyingi hupewa kasta kubwa kwa sababu pampu ndiyo inayobeba gharama yake. Ipunguze kidogo kidogo, ukijaribu kila mara, kwa maana kasta hiyo hiyo ndiyo inayonyoosha gari kwenye mwendo wa kasi. Presha ndogo ya tairi nayo huongeza uzito kuliko kitu kingine chochote ambacho watu husahau kukipima.

Hatua ya 10: Majaribio

Gari likiwa bado kwenye stendi, geuza usukani kulia na uone tairi zikienda kulia. Fika mwisho wa kila upande na uangalie kama hosi za breki zinavutwa au tairi inagusa fremu.

Lishushe, kisha rudia kipimo cha mizani. Gari likiwa limesimama kabisa, namba itakuwa kubwa kuliko ya wakati injini ilipowaka. Hilo ni la kawaida, na zoea la kugeuza tairi zikiwa zimesimama inabidi uliache. Linganisha zaidi na kipimo cha injini iliyozimwa: kikiwa hakijashuka, kuna kitu kimebaki ndani ya reki, nawe urudi hatua ya 5.

Endesha mahali pasipo na watu, kwanza kwa mwendo wa kutembea, kisha kilomita 20 kwa saa. Ingia kwenye kona na ulegeze mikono bila kuiondoa. Usukani urudi katikati wenyewe. Funga breki kutoka kilomita 40 kwa saa na uone kama gari linavuta upande.

Baada ya kilomita 50 za kwanza, lirudishe kwenye stendi. Kaza upya bolti za reki na za jointi ya krosi, pitisha kidole chini ya mipira ya vumbi kutafuta grisi iliyovuja, na ushike tairi kwa pande zake mbili, kushoto na kulia, uitikise. Ikicheza hata kidogo, gari lisitoke mpaka uchezaji huo upatikane ulikotoka.